Kipande cha Waya wa Mwalimu

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la kibanda chake cha kutengeneza redio, Ephantus Githinji huchukua mkebe wa kakao, akatoa kipande cha waya mweusi kisichozidi kiganja, akakinyoosha mezani kwa kidole gumba, kisha akakirudisha. Ndipo huanza kazi. Wateja wake hapa Eldoret hudhani ni namna yake ya kusali.

Waya huo ulitoka kwenye ndege. Si ya abiria. Ni ya mbao nyepesi, ya kurushwa kwa redio, ambayo Mzungu aliyeuza shamba upande wa Turbo alimwachia Mwalimu Kipkorir wa Sugoi. Mwaka 1982 Mwalimu aliileta kibandani, kipokezi chake, kile kiredio cha ndani kinachopokea amri, kimekufa. Ephantus hakuwahi kuona kitu kama hicho, lakini fundi hasemi hajui. Akakifufua, akakizungushia sponji kisitikisike, akaupitisha waya wa eria, wa kunasia mawimbi, hadi mkiani. Ukazidi, ukaning'inia.

"Fundi, umeniwekea mkia wa panya!" Mwalimu akacheka.

Ephantus akachukua koleo, akakata.

"Na hiyo haitaharibu?"

"Mwalimu, redio ya mama yangu niliikata waya nusu. Nairobi inaingia mpaka anaiomba inyamaze!"

Kweli, redio ya nyumbani haijali. Ya ndege hujali: waya wake umepimwa, na ukiupunguza, ndege haisikii mbali. Hilo Ephantus alikuja kulijua baadaye.

Mwezi wa nane, wiki mbili baada ya wanajeshi wa anga kujaribu kupindua serikali, Mwalimu aliirusha. Jeruto, mkewe, alimsihi angoje. "Ni ya kuchezea tu, Mama Chelimo," akajibu. Ndege ikapita miti, ikaacha kusikia, ikaangukia ndani ya kambi ya askari. Naye Mwalimu akaifuata mbio hadi kwenye ua, kisanduku cha kuiongozea mkononi, eria imechomoza, akiomba arudishiwe.

Walimchukua. Hakurudi.

Watu wakasema alikuwa mpelelezi. Walisemea pale pale dirishani, na Ephantus akainama zaidi juu ya redio zao. Kila gari lililosimama nje alijua limemjia yeye. Halikumjia. Mwalimu hakumtaja.

Miaka minne ikapita. Asubuhi moja, mkebe ukiwa bado wazi, Jeruto akaingia. Hakuwa na redio ya kutengenezwa. Aliketi kwenye kreti ya soda, mkoba magotini.

"Wanasema aliipeleka kambini makusudi," akasema. "Siku zingine hata mimi naamini, na ninamchukia kwa kutuacha hivi. Wewe ndiwe uliyeifungua ndege ile. Fundi, ni yeye aliyeielekeza kule?"

Nje gari lilisimama. Ephantus hakugeuka kulitazama. Alichukua kile kipande cha waya, akakiweka mbele ya Jeruto.

"Hapana, Mama. Haikuwa inamsikia. Waya niliukata mimi."