Fungu Lililokaa kwa Mama Mkwe

Watu wa Ngulyati wakitaka kunichokoza huniuliza habari za mdogo wangu Maganga, yule mcheza karata. Wanadhani nitaona haya. Mimi huvuta kigoda nikakaa, nikawaeleza mwanzo mpaka mwisho. Katika ukoo wetu wamekuwapo wenye ng'ombe wengi na wenye maneno mengi, lakini aliyeanguka akainuka kwa miguu yake mwenyewe namjua mmoja tu.

Nilipoolewa, mahari yangu ilikuwa ng'ombe kumi na wawili. Baba kabla hajafa alisema ng'ombe hao watamwolea mke Mwandu, kitindamimba wetu, akamkabidhi Maganga awatunze. Walikuwa wametawanywa kama kawaida yetu: wanne Nassa kwa mjomba, watatu kwa rafiki wa baba, waliobaki nyumbani. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile linapona.

Mwaka 1995 wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejaa huku kwetu. Zamani ushirika ulikupa karatasi, ukaisubiri fedha mpaka ukasahau sura yake. Sasa kampuni tatu ziligombea mzigo wako na ulilipwa taslimu, papo hapo kwenye mzani. Nyuma ya ghala makarani na madereva walitandika turubai wakacheza poka: karata tano mkononi, mwenye karata kubwa anakula fedha yote, na mwoga anakimbia hata kama karata zake ni nzuri. Maganga alifundishwa na Anatoli, karani kutoka Mwanza, kijana mpole mwenye kucheka ovyo. Mwezi wa kwanza mdogo wangu alikula mpaka mwenyewe akashangaa.

Kisha akaanza kuliwa. Alipopoteza elfu mbili aliweka nne ili azirudishe, zikaenda hizo nne, akaweka nane. Hasira hasara, na Maganga alikuwa nazo zote mbili.

Mimi niligundua siku niliposikia amekwenda Nassa kuwachukua wale wanne, baada ya kuwaleta watatu wa rafiki wa baba. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu anayekusanya ng'ombe wote zizi moja wakati hakuna harusi ana jambo baya. Nilipofika nyumbani niliwahesabu wakiwa saba. Watano walikuwa wamekwishauzwa mnadani.

Mkono uliniwasha, sitaficha. Wale walikuwa ng'ombe wa jina langu, na Mwandu alikuwa amekwishakubaliwa kwa binti wa mzee Nyanda wa Nyalikungu, aitwaye Generoza. Mahari ilipangwa ng'ombe kumi na wawili, waende Septemba ya mwaka uliofuata. Maganga alikaa chini akalia, kisha akaniambia auze mmoja tu tena, awarudishe wenzake wote kwa siku moja.

Nikamwambia, "Baba aliwatawanya ng'ombe. Wewe fedha umeiweka zizi moja, tena zizi lenyewe ni mfuko wa suruali."

Sikumkataza kucheza, maana nilijua angecheza kwa kujificha. Lakini siku ile tuliweka utaratibu, na kila nikiukumbuka najisikia mrefu. Alikuwa na elfu arobaini za pamba yake. Tukazigawa mafungu ishirini ya elfu mbili mbili, nikayashika mimi. Siku ya kucheza anapewa fungu moja. Likiliwa, anarudi kulima. Akila, faida haikai kwake wala kwangu. Inakwenda kwa mama mkwe wake, mama Nyanjige.

Hapo ndipo penye ujanja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wanazungumza kila mtu akiangalia kwake, kwa maneno machache ya heshima. Dada unaweza kumbembeleza, mjomba unaweza kumdanganya. Lakini ni mwanamume gani atasimama uani kwa mama mkwe aseme naomba fedha ya karata? Faida ikifika elfu hamsini, bei ya ng'ombe, anatumwa mtu kuichukua na mnyama ananunuliwa siku hiyohiyo. Ng'ombe hakunjwi akatiwa mfukoni.

Msimu wa 1996 ulipoanza aliliwa mafungu tisa mfululizo. Tisa! Kila mara alikuja kwangu akiwa amenuna, na kila mara nilimwonyesha yaliyobaki. La kumi alikula. Anatoli alianza kulalamika kwamba Maganga wa mwaka jana alikuwa mtamu zaidi, kwani huyu wa sasa alijua kukimbia na karata zake bila kuona aibu. Polepole zizi likajaa. Mwezi wa nane ulipokwisha nilihesabu kumi na mmoja.

Alibaki mmoja, na kwa mama mkwe kulikuwa na elfu thelathini. Zilipungua ishirini, na safari ya Nyalikungu ilikuwa Jumamosi. Alhamisi Anatoli alimwita: makarani wanafunga hesabu waondoke, wana fedha nyingi na haraka nyingi, mchezo mmoja mkubwa wa elfu thelathini. Maganga alikuja kwangu. Nilimpa fungu moja lililobaki, akalikataa. Akageuka akashika njia ya kwa mama Nyanjige, nami nikabaki nimelishika fungu lake.

Alirudi jioni mikono imechubuka. Alikuwa amefika, akasimama nje ya boma akiangalia chini. Mama Nyanjige akauliza kutoka mlangoni kilichomleta. Akajibu, "Nimekuja kukusalimu tu, mayu," yaani mama. Mama akashukuru, akamtolea shoka, akasema boma lake limebomoka upande wa mashariki. Mdogo wangu alikata miiba mpaka jua likazama. Mchezo ukaisha bila yeye.

Jumamosi tulifika Nyalikungu na kumi na mmoja. Mzee Nyanda alihesabu, akarudia. Tungeweza kusema mmoja ameugua njiani, watu husema hivyo kila siku. Maganga akasimama mbele ya wazee.

"Wa kumi na mbili nilimla mimi kwenye karata," alisema. "Walikuwa watano, wanne nimewarudisha. Huyo nitamleta baada ya pamba. Mdogo wangu hana kosa."

Wazee walitoka nje kushauriana. Waliporudi, mzee Nyanda alisema mtu anayejihesabia deni lake mbele ya wakwe hahitaji kuwekewa mdhamini, na Generoza akatolewa. Nililia kwa furaha mbele za watu, nikiwa na kilemba kipya, na sikujali.

Msimu uliofuata Maganga alipata elfu ishirini za pamba. Safari hii hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa mama Nyanjige kuomba zile thelathini, nami nikamsindikiza. Akaeleza akiangalia pembeni kwamba anakwenda kumnunua ng'ombe wa mwisho, na kwamba atamswaga kwa miguu mpaka Nyalikungu.

Mama aliingia ndani akatoka na kitita, kimefungwa vilevile. Akanipa mimi nimpe.

"Alhamisi ile alikuja kuzichukua," aliniambia, kana kwamba Maganga hayupo.

Maganga akaitikia, "Ndiyo, mayu."

"Nilijua," alisema mama Nyanjige. "Boma langu lilikuwa zima. Nililibomoa nilipomwona anakuja."