Maji ya Moto Ndani ya Mtutu

Kwa nini mtu amimine maji ndani ya chuma ili kisishike kutu? Nilikuwa na miaka kumi, nimeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa katika gereji ya Mzee Walter, na swali hilo lilininyima raha. Gereji ilinuka mayai viza. Ndiyo harufu ya baruti nyeusi ikishaungua, inang'ang'ania nguo, nywele, hata viti vya gari. Baba akirudi nyumbani kwetu Crescent Town, mjini Toronto, mama alimpokea mlangoni huku ameziba pua. "Baba Neema, umetoka kulenga shabaha au kuatamia mayai?" Baba alicheka, jambo ambalo hakulifanya akitoka kazini.

Kazini alipanga maboksi kwenye ghala moja huko Brampton, na ndiko alikofahamiana na Walter, fundi mitambo aliyekaribia kustaafu. Kabla sijazaliwa, baba alikuwa askari wa wanyamapori kusini mwa Tanzania. Katika Toronto nzima, Walter ndiye mtu wa kwanza kumwuliza habari hizo na kusubiri jibu. Baba alipopata leseni ya silaha, wakaanza kwenda pamoja kila Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, nami nikawa nabebwa kiti cha nyuma. Walter alikuwa na bunduki ya babu yake, ile inayokokiwa kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini, mbele kisha nyuma, na risasi zake alizijaza baruti nyeusi mwenyewe kama watu wa zamani. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kiangazi hicho akamwahidi baba kwamba kwenye mashindano ya Septemba ya klabu yao ya shabaha, baba ndiye atakayeipiga bunduki hiyo. Baba aliizungushia Jumapili ya mashindano kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na kila alipopita kuchukua chai aliitupia jicho.

Sharti la Walter lilikuwa moja: bunduki kwanza, chakula baadaye. Wakishahakikisha mara mbili kwamba ni tupu, waliifunga kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha meza ya fundi, wakachemsha birika la umeme palepale gerejini, wakamimina maji ya moto ndani ya mtutu. Maji yalitoka meusi kama kahawa, kisha ya kijivu, kisha meupe. Chuma kilipata moto hadi kikajikausha chenyewe. Wakapitisha kitambaa kikavu kwa ufito, na mwisho wakaupaka mtutu mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta ya nyuki. "Bunduki hii inatunzwa kuliko mimi," baba aliniambia kwa Kiswahili, na Walter akacheka bila kuelewa.

Mimi sikuridhika. Nyumbani kwetu maji yalikuwa adui wa chuma. Mama alikuwa na karai zito alilokuja nalo toka Songea ndani ya sanduku la nguo, na ole wako uliache na tone la maji. Lilipanguswa, likapakwa mafuta, likarudi kabatini liking'aa. Nilimwuliza Walter sababu, akasema babu yake alifanya hivyo. Nilimwuliza baba, akasema, "Mwenye mali kasema, mama." Kwangu hayo hayakuwa majibu. Walikuwa watu wazima wawili wakiegemeana.

Jumapili moja ya Julai, Walter alitoka uwanjani moja kwa moja kwenda kwa dada yake kando ya ziwa, akae wiki mbili. Alimwachia baba funguo, bunduki na kazi ya kuisafisha. Birika lilikuwa limechemka simu ilipolia, na kwa sauti ya baba nilijua ni Songea, bibi anaumwa. Akatoka nje hadi barabarani kutafuta mtandao. Mimi mfukoni nilikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani ya mama. Sikukichukua kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimepanga hivyo tangu Ijumaa. Nikayamwaga maji yote kwenye majani nyuma ya gereji, nikalowesha kitambaa kwa mafuta, nikakisukuma mtutuni mara nyingi hadi ndani kukameremeta. Baba aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Ulimimina maji?" Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, kama nilivyozoea kufanya nilipotaka mazungumzo yaishe haraka. Akaifungia bunduki kabatini bila kuitazama.

Julai ya Toronto ina joto la unyevu, shuka hazikauki. Walter aliporudi alielekeza mtutu kwenye mwanga, kisha akampa baba. Ndani kulikuwa na rangi ya kahawia na vishimo vidogo, kana kwamba chuma kimeliwa na wadudu. Baba akausogeza mtutu puani, akanusa muda mrefu. Harufu ya mafuta yale ilikuwa ya sebule yetu, palipokaa cherehani ya mama. Mimi niliangalia viatu vyangu. "Kanisubiri kwenye gari, mama," alisema kwa upole, wakabaki wawili.

Septemba bunduki ilipigwa na mtu mwingine. Baba alikaa kwenye benchi la watazamaji, akapiga makofi pale ilipostahili. Majira ya baridi yalipoingia alianza kufanya kazi Jumapili. Mama aliendelea kuuliza harufu ya mayai imekwenda wapi, halafu akaacha.

Chuo kikuu nilisoma kemia, na siku moja maabarani nikapata jibu langu: baruti nyeusi ikiungua huacha chumvi, chumvi huvuta unyevu wa hewani, na chumvi hiyo huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta. Kwa mafuta yangu nilikuwa nimeifungia chumvi ndani ya mtutu. Leo kazi yangu ni kupima maji ya mabomba, nalipwa kwa kutoamini ninachoambiwa, na baba amestaafu, anatazama mpira na kunitania kwamba bado nauliza kama polisi. Hajawahi kuniuliza lolote kuhusu kichupa kile.

Mwaka jana nilikwenda kumsaidia Walter kuhama nyumba ile. Tulipofika kwenye jiliwa nikamweleza kila kitu. Alikaa kwenye ndoo. Akasema siku ile aliporudi aliona duara la majani yaliyoungua nyuma ya gereji, akamwonyesha baba na kumwuliza kama ni mtoto aliyemwaga pale maji ya moto ya birika, kwa maana kama ni mtoto, basi, ahadi ya mashindano ipo palepale. Baba aliliangalia duara lile, akajibu kwamba alimwaga yeye mwenyewe, alikuwa na haraka, na mtoto hakugusa kitu.