Plasta ya Baba, Mwaka wa Imbalu

Fenesi lilifika chini salama, Baba hakufika salama. Alipanda mfenesi wa nyuma ya nyumba yetu, Mpumudde, kwa ubishi tu, maana Mama alikwisha kumwambia atumie fito ndefu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Askari jela mwenye kitambi, juu ya mti! Nilikuwa nacheka bado nilipoona hawezi kuinuka, na kicheko kikanikauka.

Hospitalini Jinja picha ilionyesha pingili moja ya mgongo imevunjika na kubonyea. Vidole vya miguu vilikuwa vinacheza, tukamshukuru Mungu. Baba yeye alikuwa na hofu nyingine. Ule ulikuwa mwaka wa imbalu, na kaka yangu alikuwa atahiriwe Agosti, huko kwetu Mbale. Sisi Wagisu kijana hukatwa hadharani, amesimama, bila kupepesa jicho, na Baba alitaka naye awe amesimama mbele yake.

"Nikibebwa kama gunia ya muhogo," aliniambia, "mtoto yangu ataona nini?"

Kesho yake baba zangu wadogo wawili wakaja kutoka Mbale na ngoma. Walikuwa wamesikia kwamba kaka yao anangoja daktari wa mifupa, na kwa mawazo ya kwetu penye daktari pana kisu, na penye kisu lazima mtu aimbiwe. Mmoja alileta hata chachu ya pombe ya kumpaka usoni, kama apakwavyo kijana wa imbalu. Nesi wa wodi aliwatimua mpaka getini, nami niliona aibu kubwa, ingawa moyoni niliwapenda mno.

Daktari alipofika alisema, "Afande, hapa hatukati."

Baba akakunja uso. "Bwana daktari, mimi si mtoto. Kata tu. Na dawa ya usingizi sitaki."

"Kisu ya nini? Mfupa imebonyea tu, haijasogea. Tutanyosha, tutafunga plasta, utatembea."

"Bila damu?"

"Bila damu."

Sijapata kuona mtu akizisikitikia habari njema namna ile.

Wakamlaza kifudifudi kati ya meza mbili, kifua na mikono kwenye ile iliyoinuka, mapaja kwenye ile ya chini, tumbo likining'inia katikati. Uzito wake mwenyewe ndio uliounyosha mgongo. Kitambi ambacho Mama alikisema miaka yote kikageuka daktari msaidizi. Kisha wakamzungushia plasta mbichi toka kifuani hadi nyongani.

"Usitikisike mpaka ikauke," daktari akamwambia.

"Hiyo neno mimi najua," Baba akajibu, akaukazia macho ukuta kama kijana aliyemwona ngariba. Jasho lilimtoka puani tone kwa tone. Huko getini wadogo zake, walipopata habari kwamba kazi imeanza, wakapiga ngoma. Nesi alichungulia dirishani, akatikisa kichwa, akaacha wapige.

Hakutikisika. Siku chache baadaye alikuwa anatembea wodini wima kama mlango, akilalamikia mwasho tu. Nilimkuta anajikuna ndani ya plasta kwa spoku ya baiskeli, nikamnyang'anya na kumgombeza kama mtoto mdogo.

Agosti daktari alimruhusu kusafiri kwa kulala. Tukamlaza juu ya godoro nyuma ya pikapu ya jirani muuza samaki, akafika Mbale ananuka sangara, anaimba.

Siku yenyewe alisimama uani, shati halifungiki juu ya plasta. Kaka alisimama mbele yake amepakwa chachu, njuga mapajani, macho yake kwa Baba. Ngariba akafanya kazi yake. Filimbi ikalia kwamba imekwisha, na mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Kaka akakalishwa kwenye kigoda, amefungwa shuka. "Baba," akasema, "mimi nilikuangalia wewe tu. Hukutikisika hata kidogo."

"Mimi nilishikwa na plasta," Baba akamjibu. "Wewe ulishikwa na nini?"

Halafu machozi yakamtoka. Alitaka kuinamisha mgongo ajifiche uso, plasta ikakataa, na ua mzima ukamwona askari jela analia, amesimama wima.