Mgeni wa Mwenye Kadi

Kazi ya Dorca ni kuwakatalia watu waliochoka. Kwa miaka tisa amesimama kwenye mlango wa kioo katika uwanja wa ndege wa Kisumu, nje ya chumba cha mapumziko ambacho kibao chake kinasema Daraja la Kwanza na ambacho wafanyakazi wote hukiita launji. Ndege nyingi zinazoruka kutoka hapa kwenda Nairobi hazina daraja la kwanza. Huko juu viti vyote ni sawa. Daraja la kwanza liko hapa chini, kwenye sofa.

Alizaliwa Kombewa, akasomea upishi mjini, na mpaka leo akipita jikoni mikono yake hutamani kuingia kwenye unga. Lakini siku ya kuajiriwa walimtazama wakasema ana uso wa mlangoni. Maana yake ni uso unaoweza kukataa bila kukunjamana.

Kanuni anazijua kama sala. Mwenye kadi ya dhahabu huingia. Huingia na mgeni mmoja, si wawili. Mgeni hukaa muda ule tu ambao mwenyeji wake yumo ndani. Mwenyeji akitoka, mgeni naye hutoka. Kwa kanuni hizo amewarudisha watu wa kila namna. Amemrudisha mwanasiasa aliyemuuliza kama anamjua yeye ni nani, akamjibu, "Mimi nakujua, Mheshimiwa, mashine ndiyo haikujui." Amemrudisha bibi harusi wa Kisian aliyetaka kupigwa picha moja tu kwenye sofa. Na kuna mzee mmoja aliyekuja na kadi ya marehemu mkewe. Hakutaka kuingia. Aliomba tu kadi ipitishwe kwenye mashine, alione jina la mkewe likiwaka kwa kijani. Mashine iliwaka nyekundu.

Jumanne moja ya Aprili, mvua kubwa ilitanda juu ya ziwa na ndege ya saa mbili asubuhi ikaahirishwa mpaka saa tano. Ukumbi ulijaa. Katikati ya ukumbi, kwenye kiti cha chuma, alikuwa ameketi mama aliyeanza kuzeeka, Aloo, muuza samaki wa Asembo Bay, mguu wake wa kushoto umefungwa bandeji kuanzia vidole mpaka chini ya goti. Kiti cha magurudumu kilichomleta kilikuwa kimeenda kuchukua abiria mwingine. Watoto walikimbia wakiugonga mguu. Kila ulipogongwa, Mama Aloo alifunga macho, akayafungua.

Aliyekuja mlangoni kwa Dorca ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, jina lake Oluoch. Alifundisha chuoni na kusafiri sana, ndiyo maana alikuwa na kadi ya dhahabu.

"Dada, nina mgeni mmoja," alisema. "Yule mama pale. Ana sukari, ana kidonda kwenye mguu uliovimba, na mshipa umeziba. Daktari ameandika mguu uinuliwe, usining'inie hata kidogo. Saa nane mchana anangojwa Nairobi, wauzibue. Daktari mwenyewe kesho anasafiri nje. Wasipouzibua leo, wanakata mguu."

"Mlete, aingie alale," Dorca alisema. "Sofa ndefu iko wazi."

Oluoch hakusogea. "Aingie yeye. Mimi nitangoja hapa ukumbini."

"Haiwezekani, Bwana Oluoch. Mwenyeji lazima awe ndani."

"Ni mama mkwe."

Hakuhitaji kueleza zaidi; kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawali wala hawalali chumba kimoja. Dorca naye ameolewa. Mama yake mwenyewe hajawahi kula mbele ya mume wa Dorca, wala hawajawahi kupeana mikono. Launji ni chumba kimoja cha viti kumi na viwili, na siku hiyo viti kumi vilikuwa na watu wa semina. Mama Aloo angelala mguu wazi juu ya mito, mkwewe akiwa hatua tatu kutoka kwake. Mama wa Asembo wa umri ule angekubali kulala sakafuni sokoni kwanza.

"Binti yake hakuweza kuja naye?"

"Rachael ana mtoto wa wiki mbili."

Dorca alimwita msimamizi wake, Kangethe, aliyekuja Kisumu miaka sita iliyopita na bado hula samaki kwa uma. Alisikiliza, akakuna shingo.

"Si wakae tu? Kwani mama mkwe ni simba?"

"Mzee, kwetu hapana."

"Dorca, mimi pia nina mama. Lakini mwenzako Sheila alifutwa kazi mwezi jana kwa mgeni aliyebaki dakika kumi na mbili akimaliza gazeti. Kamera iko pale, wanaoitazama wako Nairobi. Mwenyeji awe ndani. Akiwa ndani, mimi sina neno. Asimame, akae, aruke kamba, mradi yuko ndani."

Oluoch alitazama kupitia kioo. "Choo kiko ndani?"

"Kiko ndani. Kimoja."

"Basi nitakuwa ndani."

Alipitisha kadi, mashine ikawaka kijani, akatembea kwa haraka macho yakiwa ukutani, akajifungia chooni. Ndipo Dorca akaenda kumshika Mama Aloo mkono.

"Na mtoto wangu?" mama aliuliza, akimaanisha mkwewe.

"Amepata pa kukaa, Mama. Hamtaonana."

Mama Aloo alilala. Dorca aliuweka mguu juu ya mito miwili, akaufunika kwa leso. Akaleta chai bila sukari na kipande cha mkate. Mama alikula taratibu, uso wake ukalegea, akaanza kumsimulia Dorca habari za bei ya samaki wa mbuta. Kwa dakika arobaini Dorca alikuwa na furaha ambayo mlango ule haukuwahi kumpa.

Kisha mtu wa semina, bwana mnene mwenye begi la ngozi, akaenda chooni, akarudi. Akaenda tena. Akagonga.

"Kuna mtu!" ilitoka sauti.

"Tunajua kuna mtu! Swali ni kama ataondoka kabla ya uchaguzi!"

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mpelekeeni chai, amehamia." Bwana mnene akagonga kwa kiganja. "Ndugu, huko ndani unajenga?"

"Nisameheni, wakubwa," sauti ilisema. "Nisameheni tu."

Mama Aloo aliweka kikombe chini. "Hiyo ni sauti ya nani?"

Dorca aligeuka kuipanga mito upya, na hilo likatosha.

"Amejifungia chooni," mama alisema polepole. "Mume wa Rachael. Tangu saa hizo. Watu wanamgongea na kumcheka, na mimi nimelala hapa nakunywa chai."

"Mama, lala. Imebaki saa moja tu. Yeye mwenyewe ndiye amependa."

"Nyathina, mwanangu, nitalalaje?"

Aliushusha mguu. Dorca alimshika bega, akasema tena lala, akasema tafadhali, akasema mguu huu Mama, mguu huu. Mikono ya mama ilikuwa ya mtu aliyevuta nyavu tangu utotoni. Ilimsogeza Dorca pembeni bila ukali, kama mtu anavyosogeza pazia. Alitembea mwenyewe hadi mlangoni, akavuka, akaenda hatua ishirini ukumbini Dorca akiwa amemshika kiwiko, na katika hatua ya kumi na kitu bandeji ilianza kubadilika rangi.

Nakhungu wa shirika la ndege, aliyekuwa akikagua tiketi, aliona nyayo za damu kwenye vigae kabla ya kumwona mama mwenyewe. Alileta nesi wa uwanja. Nesi aliinama, akabana, akafunga bandeji nyingine juu, nayo ikalowa.

"Siwezi kumpandisha," Nakhungu alisema. Alisema kwa sauti ile ile ambayo Dorca hutumia kila siku. "Kidonda kinachovuja, rubani hakubali. Akipata barua ya daktari, basi ndege ya jioni."

"Jioni daktari atakuwa amefunga," Dorca alisema.

"Naelewa, dada."

Oluoch alikuwa ametoka. Alisimama mita tano kutoka kwa mama mkwe wake, mikono imekaa mbele kama ya mtu aliyekatazwa kuitumia. Wapagazi wawili ndio waliomwinua mama kumweka kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kimerudi. Oluoch alisogea nusu hatua, akarudi.

"Dada, mwambie mama nitampigia daktari sasa hivi."

Mama alisikia. "Mwambie asipige simu. Aende. Achukue ile bahasha yenye picha za mguu, aende akamwone uso kwa uso, amwombe angoje siku moja. Mtu hakatai vizuri akiangaliwa."

Dorca, aliyewakatalia watu miaka tisa wakimwangalia, alimfikishia Oluoch maneno yale kama yalivyo.

Oluoch alipanda ndege peke yake. Dorca alimsukuma mama mpaka nje, penye kibanda cha kungojea magari, ambapo shemeji ya Rachael angekuja kumchukua. Kiti hakikuwa na pa kuinulia mguu. Dorca aliketi kwenye ukingo wa saruji, akauchukua mguu na kuuweka juu ya mapaja yake, sketi ya kazi ikaanza kulowa. Simu yake ililia. Alikuwa Kangethe, mlangoni kulikuwa na foleni. Ikalia tena.

Ndege ilipanda juu ya mashamba ya miwa, ikageuka.

"Ametoka nyumbani bila kula," Mama Aloo alisema, akiifuata kwa macho. "Kwa sababu nilikuwepo. Huko kwenu ndani alikula lakini?"

"Alikula, Mama," Dorca alisema.