Paka wangu alilia siku tatu chini ya sakafu, nami nikawa nasimulia habari za wafu

Wakuu, sogezeni viti mnisikilize. Habari za huko mliko.

Niko Kolwezi, upande wa Dilala, mwalimu wa shule ya msingi. Nitakayoyasema yamenitokea mimi mwenyewe mwishoni mwa vakansi, yaani likizo, na mwenye shaka aje nimwonyeshe sakafu. Naandika Kiswahili cha shule ili wote tuelewane, lakini maneno ya watu wa kwetu nitayaacha kama yalivyotoka mdomoni mwao.

Kwanza mnijue. Mimi napenda hadithi za kutisha. Napenda sana, na sioni haya.

Mama yangu, ambaye naishi naye, amenikataza kuzisimulia jioni kwa sababu anataka kulala. Basi nazisimulia saa nane mchana. Mwisho wa Agosti jua la kwetu linachoma, mvua bado, umeme umekatika, ndani ya nyumba ni kama tanuri. Majirani wanakuja barazani kwetu kutafuta kivuli, nami nawapa wafu. Watu wanatetemeka huku jasho linawatoka. Raha tupu.

Jambo la pili, nina paka wawili. Dume anaitwa Kolonel, hafanyi kazi yoyote. Jike anaitwa Bijou, na wakati huo alikuwa na watoto wanne ndani ya katoni, chumbani kwa Mama. Walikuwa na siku kumi hivi, macho ndiyo kwanza yanafunguka.

Jumatatu Bijou akatoka asubuhi, hakurudi.

Kwa wasiofuga paka nieleze taratibu: kitoto cha siku kumi hakiwezi kukaa bila mama. Lazima kinyonye kila baada ya saa chache, na kipate joto. Nikanunua maziwa ya unga na sindano ya plastiki, nikawa nawatilia tone kwa tone. Walitema zaidi ya walivyomeza. Nikajua wazi kwamba Bijou asiporudi haraka, nitawazika wote wanne.

Jumanne mchana niko barazani, nimefika pale ambapo mzee asiye na kichwa anabisha mlango wa mkewe.

Tukasikia paka analia. Sauti ilitoka chumbani kwa Mama, chini ya saruji.

Halafu: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Wakuu, baraza lilibaki na mimi na sandali tatu zisizo na wenyewe.

Sasa hapa ndipo ninapojikasirikia. Mtu mwenye akili angejiuliza maswali. Mimi nilifurahi! Miaka yote natafuta hadithi, leo hadithi imekuja yenyewe hadi chini ya kitanda cha mama yangu. Jioni ile ile nilikuwa nimeshaipamba: nyumba zetu ni za zamani, za kampuni ya mgodi, labda wafanyakazi waliokufa wanarudi kudai zamu zao. Ukutani kwa Mama kulikuwa na ufa mpya, mrefu kama mkono. Nikasema huo nao ni njia yao ya kupitia.

Kufikia Jumatano asubuhi, avenue nzima, yaani mtaa wetu wote, inajua.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, Tata Kalala, akanifuata getini. Yeye kwa wiki kadhaa alikuwa amezungushia kona ya uwanja wake baashi, lile turubai la plastiki, akisema anachimba choo. Redio yake ilikuwa inapiga muziki kutwa nzima hadi meno yanauma.

"Mwalimu, mi pia nabasikiaka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni bafu ba zamani. Musipige-pige pale. Mutabakasirisha." Bafu kwa watu wa kwetu ndio wafu.

Kisha akaongeza habari ya taa nyekundu na harufu ya moshi. Nawaambia ukweli, nilimwonea wivu. Yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Lakini hadithi ikishatoka mdomoni mwako si yako tena. Mchana wa Jumatano wakaanza kuja watu, wala hawakuja kusikiliza. Walikuja kuniambia Bijou ni mulozi, yaani mchawi, na vile vitoto vitupwe kabla havijakua.

Nikaeleza. Kazi yangu ni kueleza, wakuu, nina subira ya kufundisha kugawanya kwa mafungu. Nikamwambia kila mmoja: kama paka analia chini, maana yake chini kuna paka. Basi. Wanatikisa kichwa, wanasema "ndiyo mwalimu", wanarudi baada ya nusu saa na chumvi ya kunyunyiza mlangoni.

Mara tano nimefagia chumvi. Mara tano!

Alhamisi asubuhi kitoto kimoja kilikuwa kimekufa. Kile cheusi, kilichokuwa kidogo kuliko wote. Nikakifunga katika kitambaa. Chini ya sakafu Bijou alikuwa bado analia, ila sauti ilikuwa imekauka.

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akanitazama.

"Bea, we ni mwalimu. Kama si mulozi, ilipita wapi? Ciment ni nguvu. Paka haiwezi kutoboa ciment."

Tangu jana nasomesha watu, na swali la maana limetoka kwa mtu ambaye hata hadithi hapendi. Alipita wapi? Kama yuko chini, kuna shimo. Kama kuna shimo, lina mdomo mahali.

Wakati huo huo Kolonel akaruka ukuta kutoka kwa Tata Kalala, akaja kujilaza kwenye nguo safi kama kawaida yake. Akaacha alama za miguu kwenye shuka.

Alama za kijani.

Kwa walio mbali: udongo wetu ni mwekundu. Ukichimba choo, unatoa udongo mwekundu. Vumbi la kijani ni jiwe la shaba, hata mtoto wa Kolwezi analijua.

Tukaenda, mimi na Mama. Tata Kalala alikuwa ameketi mbele ya baashi yake.

"Tata Kalala, paka yangu iko mu choo yako," nikasema.

"Mwalimu, mu choo yangu hamuna kitu. Hata choo yenyewe haiyaisha."

"Fungua tuone."

"Iko mubaya pale. Munaweza kuanguka."

"Basi tutaanguka na we," akasema Mama.

"Mama, musinipatishe haya mbele ya batu."

Mama ana miaka sabini na goti bovu. Alimpita kama vile hayupo, akainua baashi.

Choo gani hicho? Shimo lenye kamba, vidato vya miguu vimechongwa kwenye kuta, na pembeni magunia ya mawe ya kijani. Huko chini shimo lilikata kona. Lilielekea kwetu. Tata Kalala alikuwa anaufuata mkanda wa shaba, na mkanda ulipita chini ya kitanda cha mama yangu.

Mafundi wawili wa kuchimba, creuseurs kama tunavyowaita, walikuwa wamekaa kivulini wanakula. Mmoja akaruka juu.

"Mwalimu, ile paka ni yako? Ilianguka Jumatatu. Tunaipatiaka ndakala na maji kila siku. Patron alikatala tuipandishe, alisema mutauliza ilitoka wapi."

Ndakala, yaani dagaa, kila siku! Nikamgeukia Tata Kalala. Alikuwa anatazama redio.

Yule fundi akashuka, akapanda na gunia mgongoni. Ndani ya gunia Bijou, mwembamba, kijani hadi masharubu. Sikumshika hata. Alijitupa chini, akaruka ukuta, na tulipofika nyumbani alikuwa ndani ya katoni. Watoto watatu walimvamia. Wote watatu wako hai hadi leo ninapoandika.

Kabla ya hapo, nilipokuwa natoka kwa Tata Kalala, fundi mwingine akaniita kwa aibu:

"Mwalimu, ule muzee wa bila kichwa, bibi yake alimufungulia mulango? Tulikuwa tunasikia nusu tu, patron anatuita ku kazi."

Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa, alikuja siku hiyo hiyo. Alipogonga sakafu ya Mama kwa fimbo, ililia kama ngoma. Kitanda kilihamia sebuleni, na Tata Kalala akaamriwa kurudisha udongo wote mbele ya macho yetu. Amerudisha kwa wiki mbili akinuna, kana kwamba sisi ndio tuliomkosea.

Mnadhani watu wamejifunza? Nusu ya avenue bado wanasema ni wafu. Nusu nyingine wananisimamisha njiani kuniuliza yale mawe yana teneur gani, yaani shaba kiasi gani ndani yake, na wanaitazama mipaka ya viwanja vyao kwa jicho ambalo silipendi.

Mimi nimejifunza. Hadithi yangu ndiyo iliyokuwa pazia la Tata Kalala. Kila nilipotia chumvi, hakuna aliyethubutu kuigusa sakafu ile, naye alichimba kwa raha. Kitoto kimoja kimelipa. Angeweza kuwa Mama, usingizini.

Wenye paka, wenye majirani wachimbaji, na wenzangu wapenda hadithi za kutisha, karibuni kwenye comments. Msiogope kuuliza hata swali dogo, nitajibu kila mtu, hata mara tano.

Ila ukisikia sauti chini ya sakafu yako, watoe watu chumbani saa hiyo hiyo, kisha zunguka nyumba za jirani utafute udongo mpya.