Masizi ya Mwanakondoo Wangu

Nilipokuwa na miaka tisa, enzi za Mwingereza, Mwananyamala ilikuwa minazi na mikorosho mitupu, na mimi ndiye niliyekuwa mkunga wa kondoo wa bibi yangu. Sijisifu. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, na mwanakondoo akikwama mguu, nilikuwa naitwa mimi.

Bibi alikuwa na majike sita. Mmoja akizaa, Bibi alikwangua masizi ya chungu, akayachanganya na majimaji ya uzazi, akampaka mtoto uso na mgongo. Kisha ilikuwa marufuku kumwosha kwa siku saba.

"Akioshwa, husuda itampata," alisema. "Atadhoofu mpaka afe, na mama yake anamtazama."

Mwaka huo alizaliwa mtoto jike, mweupe pee. "Huyo wako, mke mwenzangu," Bibi akaniambia. Wangu! Na kesho yake shangazi alikuwa anakuja kutoka Temeke na binti yake mwenye maringo. Sikutaka mali yangu ionekane imetoka mekoni. Bibi alipokwenda shamba, nikamsugua mwanakondoo wangu kwa sabuni ya mche mpaka akang'aa.

Nilipomrudisha, mama yake akamnusa, akarudi nyuma, akampiga kichwa. Mtoto akajikongoja tena kwenye chuchu, akapigwa tena. Kufika adhuhuri tumbo lake lilikuwa limebonyea na sauti imemkauka. Nililia sana. Niliamini husuda imeingia, tena nimeifungulia mlango mwenyewe.

Bibi aliporudi alitazama mara moja tu. "Umemwosha."

"Nimemwosha, Bibi. Nisamehe. Atakufa?"

"Kamshike mama yake. Mkunga halii kazini."

Nikamkumbatia yule jike shingoni kwa nguvu zangu zote. Bibi akamkamua, akampaka mtoto maziwa ya mama yake kuanzia kichwani mpaka mkiani, akamnyunyizia chumvi, na mwisho masizi. Jike akanusa. Akaonja chumvi. Akalamba, akalamba tena, na mtoto alipoingia chini yake safari hii hakupigwa. Kile kimkia kilipoanza kutikisika, nilicheka na machozi bado yananitoka.

Kesho yake binti wa shangazi aliuliza, "Mbona mchafu hivi?"

"Ndivyo anavyotakiwa awe," nikamjibu, mikono kiunoni.

Nimefuga maisha yangu yote, na sasa najua kwamba kondoo humtambua mwanawe kwa harufu. Sabuni ilikuwa imeifuta. Bibi naye alijua, maana sijawahi kuona husuda ikitibiwa kwa maziwa na chumvi. Kwa muda mrefu nilimlaumu kidogo moyoni: kwa nini asiniambie ukweli?

Basi wajukuu zangu nimewaambia ukweli. Nimewaeleza harufu, vizuri kabisa, nao wakaitikia kwa vichwa. Juzi nikamkuta yule mdogo zizini na beseni, sabuni mkononi, mwanakondoo wa siku moja mapajani.

Nikampokonya sabuni. Nikaketi naye, nikakohoa kidogo, nikaanza kumsimulia habari za husuda.