Mgono wa Bibi Hauwekwi Chini

Usiku ule nililala nimenuna, hata ugali niliuacha. Mchana, mkuu wetu pale kwenye makumbusho ya hifadhi ya mto alikuwa ameniambia, "Kesho asubuhi huo mgono wa bibi yako uweke nje, gari la taka litapita. Umechakaa. Nataka nafasi ya vinyago nilivyoagiza mjini."

Taka! Mimi ndiye mtunzaji wa vitu mle ndani. Karibu kila kilichomo kililetwa na watu wa kando ya mto kwa hiari yao, na mgono ule, mtego wa samaki wa fito, Bibi aliusuka mwenyewe na kunikabidhi kabla hajafa. Niliendelea kupangusa rafu, maana kazi ni kazi, lakini roho iliniuma sana.

Basi naona nimo makumbusho, maji yamenifika magotini. Wala sishangai. Vinyago vipya vinaelea na kugongana. Bibi anatokea kwenye rafu za nyuma, kanga kaifunga kifuani, mgono kauinua kwa mikono miwili. Mara si makumbusho tena, ni kivukoni kwetu, nami ni mtoto, naye ananifundisha kama zamani: mgono hupokewa mkononi. Ukiuweka chini umeutupa, na yeyote apitaye anajiokotea.

"Pokea," anasema.

Napokea. Mzito, jamani! Nyuma yangu mkuu anapiga kelele, "Weka chini! Weka chini tufunge!" Maji yamefika kifuani, nami nauinua mgono juu zaidi. Namtazama Bibi anionee huruma. Hanionei.

"Yeye sikumpa," anasema. "Nilikupa wewe."

"Siweki!" nikamgeukia mkuu. "Thubutu!"

Sauti yangu mwenyewe ikaniamsha. Kumekucha. Mume wangu kaketi kitandani kanikodolea macho, na mikono yangu bado imenyooka hewani, inauma kwelikweli.

"Unagombana na nani?" akaniuliza.

"Bado sijagombana," nikamjibu, huku nashuka kitandani. "Nipe kanga yangu. Leo nitasimama mlangoni pa makumbusho na mgono wa Bibi mikononi. Mkuu akiutaka, aje aupokee kwangu, watu wa mto wakitazama, aniambie usoni kwamba ni taka. Chini siuweki."